Sungura wa mtoto, kazi ya dada

Shule zikifunga tu, sungura wanajitokeza barabarani. Wako ndani ya maboksi ya kadibodi pembeni mwa foleni, weupe wenye macho mekundu na wengine wa rangi ya majivu, wamejibana kwenye kona moja kwa woga. Muuzaji analiinamisha boksi ili mtoto aliyekaa kiti cha nyuma aone vizuri. Maneno yake ni yaleyale mwaka hadi mwaka: hapigi kelele, hana gharama, anakula chochote. Kabla foleni haijasogea, kioo kimeshashushwa na boksi limeingia ndani.

Shule zikifunguliwa nawaona tena, sasa majumbani. Wako uani, chini ya simtanki au jirani na jiko la mkaa, ndani ya kreti la soda lililofunikwa kipande cha wavu. Mtoto hajui wamekula nini leo. Mama anajua kuwa "dada anawaangalia". Baba ana uhakika wako wawili. Mwenye habari kamili ni dada wa kazi: amebaki mmoja, yule mwingine waliamka asubuhi wakamkuta amekauka.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae. Sungura si mnyama wa mtoto. Ni mnyama wa mtu mzima ambaye nyumbani kwake kuna mtoto. Kama hakuna mtu mzima aliyekubali kwa kinywa chake kwamba sungura huyu ni wangu, nitamkatia majani, nitamlipia daktari, basi boksi lile libaki kwa muuzaji. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, lakini unyemi wa sungura kwa mtoto huisha kabla likizo haijaisha. Sungura aliyetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Anayenunuliwa leo kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa hai siku mtoto huyo anapokaa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Ni mzazi gani aliyepiga hesabu hiyo pale kwenye foleni?

"Anakula chochote"

Hili ndilo neno linaloua sungura wengi kuliko mbwa na nyoka. Ni kweli atatafuna chochote: kadibodi, waya wa redio, kandambili ya mtoto. Kutafuna siyo kula. Sungura ana meno 28, na yote, ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kwa wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni majani yenye nyuzi. Mtazame siku moja akila unyasi mmoja mrefu: anauingiza kwa ncha, taya linakwenda kushoto na kulia kama jiwe la kusagia, na unyasi unazama taratibu mpaka uishe. Hapo ndipo meno yanaposuguana.

Sasa mpe ukoko wa wali, mkate wa jana na pumba. Anameza bila kusaga. Miezi ikipita, magego yanaota ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu. Udenda unalowanisha kidevu, manyoya ya shingoni yanagandana, anausogelea mchicha kisha anauacha. Nyumbani watasema amedeka. Hadeki, ana njaa na mdomo unamuuma, na kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na mrefu, magego hayo huwezi kuyaona bila kifaa cha daktari.

Zaidi ya robo tatu ya chakula chake chote inatakiwa iwe nyasi, mbichi au kavu, na ziwepo mchana na usiku. Mabingobingo machanga yanafaa, nyasi za Rhodes zinafaa, hata kishona nguo kinachotusumbua bustanini anakipenda. Matembele na aina nyingine za mboga za majani ni nyongeza. Chakula cha punje cha dukani ni kidogo tu, pumba ni kidogo zaidi. Na karoti? Katuni zimetudanganya. Karoti ina sukari nyingi, na kwa sungura ni peremende: kipande kidogo, mara mojamoja. Majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, kisamvu kibichi na lile ua la vichakani liitwalo lantana ni sumu, wala usijaribu "kidogo tu tuone". Nyasi za kwenye mtaro, au za kiwanja kinachopuliziwa dawa ya kuua magugu, ziache palepale. Na zile mbichi ulizoshindilia kwenye kiroba tangu jana, zikawa za moto ukiingiza mkono, zimeshaanza kuchacha. Zitupe.

Kuna jambo moja linalowafanya watu wampige sungura bila kosa. Kinyesi chake ni cha aina mbili. Kuna gololi kavu tunazozifagia, na kuna kile laini, cheusi, kinachong'aa, kilichoshikana mithili ya kishada kidogo. Hiki cha pili hukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Ndivyo anavyopata virutubisho ambavyo tumbo halikuwahi kuvinyonya mara ya kwanza. Ukikikuta kimelala sakafuni hakijaliwa, hapo ndipo uwe na wasiwasi: huenda amenenepa mno hajifikii, au analishwa wanga kupita kiasi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Muuzaji anakisifia kimya cha sungura, nasi tunakinunua kimya hicho kwa furaha kwa sababu mbwa wa jirani hatulazi. Lakini sungura hunyamaza kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Akiumwa hatalia. Atakaa kona ya banda amejikunja, macho nusu, anasaga meno polepole, na mpita njia ataona sungura aliyetulia.

Mazungumzo haya yanafanyika kwenye nyumba nyingi: "Mama, yule mweupe hajala tangu jana." "Mpe karoti, atakula." Karoti inalala pale mpaka inanyauka, na kesho yake asubuhi kuna kaburi dogo nyuma ya choo.

Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia lazima kisonge mbele. Likisimama, kwa maumivu ya meno, hofu, kukosa maji au kukosa nyasi, gesi inajaa na ini linaanza kuharibika kwa njaa. Saa 12 bila kula na bila gololi sakafuni ni dharura. Siyo jambo la kusubiri Jumatatu. Ndiyo maana anayefagia banda ndiye daktari wa kwanza: gololi zimepungua, zimekuwa ndogo, zimeungana kwa unywele, au hazipo kabisa. Je, umewahi kumwambia dada kwamba hilo ni la kukupigia simu ofisini?

Hofu yangu kubwa zaidi iko kwenye droo ya dawa. Kila nyumba ina chupa ya amoksilini iliyobaki mtoto alipokuwa na kikohozi. Mtu mwenye huruma anachukua bomba la sindano, anamnywesha sungura. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wanaomsagia nyasi tumboni, wabaya wanachukua nafasi, anaharisha, anakufa, na tunasema ugonjwa ulikuwa mkali. Vivyo hivyo dawa ya kupaka mbwa kwa ajili ya viroboto na kupe: ikiwa ina fipronili, kwa sungura ni sumu.

Upele nao tuuseme, maana ndio tunaokutana nao sana. Sungura anatikisa kichwa, anajikuna masikio kwa mguu wa nyuma, na ndani ya sikio kunajengeka magamba ya njano na kahawia, tabaka juu ya tabaka. Ni utitiri. Nimemwona jirani akiyabandua magamba hayo kwa njiti ya kiberiti huku sungura akipiga miguu. Chini yake ni nyama mbichi. Magamba yaachwe. Daktari wa mifugo akimpima uzito na kumchoma dawa kwa kipimo chake, yanadondoka yenyewe. Utitiri mwingine, unaoanzia puani na kwenye vidole, unaweza kuwawasha hata watoto wanaomkumbatia. Kwa vitoto vilivyoachishwa kunyonya, adui ni koksidia, jamaa ya wale wafugaji wa kuku wanaowafahamu: tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa maji, vinakufa kimoja baada ya kingine. Hao hupenda sakafu yenye unyevu na chakula kilichomwagwa chini penye kinyesi.

Na huyo daktari yuko wapi? Wataalamu wetu, wakiwamo wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wanasomea wanyama wengi, ila kazi za kila siku kwenye kata zetu ni ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Wapo wanaowajua sungura vizuri, na wapo ambao hawajamshika mmoja tangu wamalize chuo. Siwalaumu. Nasema tu muulize wa mtaani kwako kabla hujanunua, na muulize pia habari za chanjo. Ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu ulitambuliwa kwanza China mwaka 1984, ukasambaa Ulaya, na mwaka 2020 ulithibitishwa Nigeria. Sungura mgeni atengwe wiki mbili au zaidi kabla hajachanganywa na wenyeji, hata kama mtoto analia.

Bati la Januari

Asili ya sungura tunaowafuga ni rasi ya Iberia, Hispania na Ureno, ambako huchimba mashimo na kushinda ndani ya udongo wenye ubaridi. Hatoki jasho. Joto analitoa kwa masikio na pumzi. Mlete Dar es Salaam, mwezi wa Januari hadi Machi, hewa imejaa unyevunyevu na kipimajoto kimepita nyuzi 30, kisha mweke chini ya bati lililo kimo cha goti. Anahema kwa kasi, masikio yanakuwa mekundu na ya moto, analala ubavu. Kuanzia nyuzi 28 hivi tayari yuko matatani.

Banda liwe kivulini mchana kutwa, si asubuhi tu. Paa liwe juu, makuti juu ya bati ni bora zaidi. Gandisha chupa ya maji, ifunge kitambaa, mwekee alale pembeni yake. Akizidiwa, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida umpeleke kwa daktari, usimtumbukize kwenye ndoo ya barafu. Na kwa jumla usimwogeshe. Wako wanaomfulia sungura kwa sabuni ya unga kila Jumamosi ili awe mweupe kwa ajili ya picha. Maji yanamtia hofu inayoweza kumuua, na manyoya yake hayakauki upesi. Sehemu ya nyuma ikichafuka, isafishe hapohapo kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu nzi wakitaga hapo, ndani ya siku moja kuna funza wanaokula ngozi.

Wa Lushoto, Njombe na Arusha wamesalimika na joto, wao wakinge upepo na mvua.

Kreti la soda siyo banda. Sungura anatakiwa aweze kusimama wima kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse juu, aruke hatua tatu bila kugonga ukuta, na atolewe kila siku akimbie. Hana soli ngumu miguuni kama mbwa, ana manyoya tu, kwa hiyo sakafu ya waya mtupu humchimba vidonda visigino. Weka ubao wa kukalia na majani makavu. Miguu ya banda iingie kwenye makopo yenye oili chafu. Aliyewahi kufika asubuhi akakuta siafu wameshamaliza kazi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Ndugu wawili wa kike

"Hawa ni majike wote, ndugu," muuzaji anaapa. Kutambua jinsia ya kitoto cha wiki sita kunamshinda hata mzoefu. Miezi minne baadaye jike anajing'oa manyoya ya kifuani na kutandika kiota. Mimba ya sungura ni siku kama 31, na siku ileile aliyozaa anaweza kushika nyingine iwapo dume yupo. Vitoto sita kwa uzao ni jambo la kawaida. Fanya hesabu mwenyewe mpaka Krismasi.

Vinazaliwa uchi na vipofu, na hapo huruma inafanya uharibifu mwingine. Mama sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache, kisha huondoka ili asiwavute maadui. Watu wanaona amewatupa. Wanavibeba ndani, wanavinywesha maziwa ya ng'ombe kwa pamba, vinakufa. Vitazame tumbo: likiwa limejaa na vina joto, mama yao anajua anachofanya. Funika kiota, ondoka.

Suluhisho ni kuwahasi, hapa naomba tusione haya kulizungumza. Dume ni operesheni ndogo kwa daktari anayejua dawa za usingizi za sungura, na abaki mbali na jike wiki kama sita baada ya hapo kwa kuwa mbegu hubaki. Kwa jike kuna sababu nyingine: katika baadhi ya aina za sungura, zaidi ya nusu ya majike wasioondolewa kizazi hupata saratani ya mji wa mimba wakishapita miaka 4. Kumfuga mmoja peke yake nako ni mateso, sungura ni mnyama wa jamii. Kumwekea simbilisi awe mwenzake si dawa, teke moja la sungura linatosha kumvunja mbavu. Dume aliyehasiwa pamoja na jike ndiyo ndoa inayodumu. Ni gharama, naam. Ndiyo maana nilisema mtu mzima.

Nani anabeba mzigo?

Wazazi wengi wana jibu zuri kwa haya yote: tunamnunulia ili ajifunze kuwajibika. Ninalipenda jibu hilo, mpaka nitazame ratiba ya nyumba. Mtoto anachukuliwa na basi la shule saa kumi na mbili kasoro asubuhi, anarudi saa kumi na moja jioni, ana homuweki. Majani yanakatwa na dada. Banda linafagiliwa na dada, baada ya vyombo, kufua na chakula cha mchana. Mshahara haujaongezeka hata senti. Hakufundishwa chochote juu ya sungura, na siku akifa, wa kwanza kuulizwa ni yeye: ulimpa nini? Nimesikia mabinti wakikatwa pesa kwa sababu ya sungura aliyekufa kwa joto kwenye kreti ambalo mwenye nyumba mwenyewe aliliweka pale.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mpango huo amejifunza nini hasa? Amejifunza kwamba kiumbe hai ni chake akiwa msafi na anakumbatika, na ni cha mwingine akiwa na njaa, akichafuka, akiumwa. Hilo ni somo, na atalitumia ukubwani kwa watu.

Mtoto apewe kazi inayomfaa. Ajaze nyasi kabla ya basi kufika, ahesabu gololi jioni, aandike uzito kila Jumapili kwenye daftari. Akae chini sakafuni, sungura aje mwenyewe. Kumbeba ni kazi ya mkubwa, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio. Yule anayemnyanyua kwa masikio anamtesa, na sungura anayeshikwa vibaya akarusha teke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe na kupooza miguu ya nyuma. Na dada, kama kazi ni yake, aambiwe ni yake, afundishwe, alipwe.

Kuna atakayesema babu zetu walifuga sungura na hatukusikia habari hizi, sungura ni kitoweo. Sina ugomvi na kitoweo. Tena wafugaji wa nyama ninaowafahamu huko Kibaha na Kimara wanapima uzito, wanajua tarehe za kupandisha, wanatenga wagonjwa, na mabanda yao hayanuki. Pesa imewafundisha. Aibu ni kwamba sungura anayesubiri kisu anakula nyasi safi, huku yule aliyepewa jina na kupigwa picha anakula ukoko. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya punda na ng'ombe peke yao.

Wengine wakichoka huwapeleka vichakani, Pugu au Bunju, wakiamini watajitafutia. Tumelelewa na hadithi za Sungura mjanja anayewashinda Fisi na Simba. Yule wa mbugani kwetu ni mnyama mwingine kabisa, anazaliwa na manyoya, macho wazi, ametayarishwa kukimbia. Huyu mweupe wa kwenye boksi hamalizi wiki mbele ya mbwa koko, na vitoto vyake ni asubuhi moja ya kunguru.

Kwa mzazi ambaye bado mtoto anamsumbua, nina pendekezo. Usinunue sungura kwanza. Mwambie mtoto kwa muhula mzima akate nyasi kila siku, azitandaze uani, azifagie kesho yake na kuweka nyingine. Jumapili na siku ya mvua zikiwemo. Nyasi zikikosekana siku tatu mfululizo, umeshapata jibu, na hakuna aliyekufa. Zisipokosekana, tafuta daktari, kisha fundi wa banda, kisha chupa ya maji na nyasi kavu za akiba. Sungura mwenyewe awe wa mwisho kununuliwa. Kati ya vyote hivyo, yeye ndiye wa bei rahisi.